Mashine ya kukatia nyasi inavyonivutia mizigo ya uvuvi juu ya barafu

Watu wakisikia uvuvi wa kwenye barafu wanadhani ugumu wake ni baridi. Baridi unavaa nguo yanaisha, ugumu wenyewe ni mizigo. Hebu hesabu: hema la kukunjua, keekee ya kutobolea barafu, jiko la gesi na mtungi wake, viti, ndoo ya chambo hai, fimbo za kuvulia, betri na sona ya kuangalia samaki huko chini, chupa ya chai, chakula, na kama umekuja na watoto basi mablanketi na nguo za akiba. Vyote hivyo unapakia kwenye sleji ya plastiki, ile ya kuburuza juu ya theluji, unajifunga kamba kiunoni unaanza kuvuta, upepo wa ziwa unakupiga usoni, na samaki hawapo karibu na ufukwe, wapo huko mbele kilomita moja na nusu au zaidi. Ukifika umeshaloa jasho, na jasho kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri ndo linakugandisha ukishakaa.

Wenyeji wa huku Minnesota, Marekani, wana pikipiki za theluji, wana kwodi za magurudumu manne, na barafu ikishakuwa nene wanaingia na pikapu kabisa. Sisi tunaolipa kodi ya nyumba na kutuma hela nyumbani kila mwezi, zile dola elfu kadhaa za kununua kwodi hatuna, au tunazo lakini zina kazi nyingine. Nawaona Waswahili wenzangu wa Brooklyn Park na Brooklyn Center, vitongoji vya Minneapolis, wanapenda sana huu uvuvi, ila wanaishia kutoboa mashimo karibu na maegesho ya magari pale ambapo kila mtu ametoboa, samaki wameshakimbia kelele. Hii post ni kwa ajili yao.

Mimi natumia mashine ya kukatia nyasi, ile ya kukalia, yenye usukani na siti kama katrekta. Huku imejaa kwenye magereji na inalala kuanzia Oktoba mpaka Mei nyasi zinapoota tena. Na cha kwanza kufa kwenye hizi mashine mara nyingi ni deki, lile sinia la chuma la chini lenye visu, linaoza kwa nyasi mbichi zinazogandia humo miaka na miaka, wakati injini na giaboksi bado vizima kabisa. Mwenye nayo anaiuza kwa bei ya kutupa, hasa vuli inapoisha. Yangu nilinunua dola 200, ina injini ya Briggs & Stratton ya silinda moja, nguvu farasi 17 na nusu, gia za kawaida za mkono. Deki lilikuwa na tundu la kupitisha ngumi. Kwangu halikuwa na shida yoyote, manake deki ndo kitu cha kwanza nilichokitoa.

Na hapa niseme kitu ambacho naona watu wengi wanaobadilisha mashine kama hii kwa ajili ya barafu hawakizingatii: kazi kubwa ni kupunguza, sio kuongeza. Watu wanachomelea bampa za chuma, wanajenga kibanda juu, wanafunga taa nane na kreti la mbao, mwisho kitu kinakuwa kizito na wamesahau kinaenda wapi. Kinaenda juu ya maji. Wepesi ndo faida ya hii mashine kuliko vyombo vyote vya pale ziwani, ukishaupoteza bora uache.

Idara ya maliasili ya jimbo, DNR, wana mwongozo wa unene wa barafu ambao kila mvuvi wa huku anaujua kwa kichwa. Inchi 4 za barafu mpya iliyo safi kwa mtu anayetembea, inchi 5 mpaka 7 kwa pikipiki ya theluji au kwodi ndogo, 9 mpaka 10 kwa gari dogo, pikapu ya kawaida inchi 13. Hiyo ni barafu inayong'aa, unayoona weusi wa maji chini yake. Ile nyeupe iliyotokana na theluji kulowa ikaganda tena ina kama nusu ya nguvu, kwa hiyo unene wote huo unazidisha mara mbili. Sasa mashine yangu bila deki ni kama kilo 160, mimi na manguo yote 85, sleji imejaa kilo 70, jumla inacheza kwenye 315. Hiyo ni kwodi ndogo. Mimi siingii nayo chini ya inchi 7, na wiki za mwanzo naenda kwanza kwa miguu na keekee, natoboa kila mita 40 hivi njia nzima ninayotaka kupita, napima kwa rula. Unene wa barafu haulingani ziwa zima, penye mto unaoingia au chemchemi chini panaweza kuwa pembamba wakati mita 50 pembeni pikapu imepaki.

Kutoa deki ni kazi ya lisaa limoja ukiwa na spana na koleo. Unalishusha mpaka chini kabisa, unaachia mkanda kwenye puli ya injini, unachomoa zile pini zinazoshika mikono yake, unakata usukani mpaka mwisho tairi zikae upande, halafu unalivuta litoke ubavuni. Angalia usichanganye mikanda, ipo miwili, mmoja wa visu na mmoja wa kuendeshea mashine, wa kuendeshea unabaki. Ile waya au lever ya kuwashia visu ifunge juu kwa zip tai isije ikaning'inia ikashika theluji, na iache kwenye sehemu ya kuzima, manake mashine haiwaki kama inaona visu vimewashwa.

Halafu kuna swichi ya chini ya siti. Hii ndo inazima injini ukinyanyuka gia ikiwa imeingia. Mafundi wengi wa mtandaoni wanakwambia uiunganishe moja kwa moja ili isikusumbue. Naomba usifanye hivyo. Ukiteleza ukaanguka kwenye barafu, au barafu ikapasuka ukaruka pembeni, unataka ile mashine izime yenyewe hapo hapo, sio iendelee kukuburuzia cheni mgongoni. Ya kwangu ipo kama ilivyotoka kiwandani na itabaki hivyo.

Tairi sasa. Tairi za kiwandani za hizi mashine ni laini na pana kwa makusudi, zisiharibu nyasi, kwa hiyo kwenye barafu hazishiki kitu. Na giaboksi nyingi zina difu ya kawaida, tairi moja ikianza kuteleza nguvu yote inaenda huko, ile nyingine inasimama inaangalia tu. Dawa ni cheni kwenye tairi zote mbili za nyuma. Kuna cheni zinauzwa za size ya 20x8 na 20x10, chukua zile ambazo vipande vya kukatisha vimekaribiana, na kama unapata zenye vyuma vya V vilivyochomelewa juu yake chukua hizo, zinauma barafu tupu bila theluji. Wengine wanapigilia skrubu za barafu kwenye tairi. Mpira wa hizi tairi ni mwembamba, skrubu ikipita ndani upepo unatoka pole pole na wewe uko katikati ya ziwa, mimi nimechagua cheni.

Upepo wenyewe kwenye tairi unatakiwa kuuangalia kwa jicho lingine kabisa. Tairi ya nyuma inataka kama psi 10. Ukijaza gereji ikiwa na nyuzi 10 za joto ukatoka nje kwenye 20 chini ya sifuri, ile 10 inakuwa karibu 7 bila kutoboka popote, hewa imesinyaa tu kwa baridi. Tairi ikilegea namna hiyo mdomo wake unaweza kuachia rimu, na kuirudisha ukiwa nje kwenye baridi ni mateso. Kwa hiyo nimeweka tyubu ndani, za mbele na za nyuma, na napima upepo baada ya mashine kukaa nje, sio kabla.

Kwa uzito wa nyuma watu wanajaza maji ya kuoshea vioo vya gari ndani ya tairi, yale yasiyoganda, inafanya kazi vizuri, ila mimi sikutaka uzito ambao siwezi kuushusha. Nimefunga ubao nyuma ya siti na juu yake mfuko wa mchanga. Unakandamiza tairi, na ikitokea nimekwama namwaga mchanga kidogo mbele ya cheni natoka. Mbele nimeweka kitako cha bati juu ya ekseli, hapo inakaa keekee na boksi la ndoana, kwa sababu usukani bila uzito mbele kwenye barafu unazungusha tu na mashine inaendelea kwenda moja kwa moja. Tairi za mbele nimebadilisha, nimeweka zile zenye mifereji mitatu mirefu za trekta ndogo, zinakata njia na kugeuka vizuri.

Kuvuta sleji. Hapa kamba hapana. Kamba inavuta vizuri, tatizo ni kusimama, unasimama wewe lakini sleji yenye kilo 70 haina breki, inakuja kukupiga kisigino, au inakupita ubavuni inakugeuza. Inatakiwa fito ngumu. Mimi nilichukua mabomba mawili ya chuma, yale mafundi umeme wanapitishia waya, nikayaponda ncha, nikatoboa, nikayafunga kwenye pembe mbili za mbele za sleji halafu yakutane kwa mbele kama herufi A, pale yanapokutana inaingia pini ya kwenye sahani ya nyuma ya mashine. Urefu kama mita moja na robo ili ukikata kona sleji isiguse cheni. Na ufunge chini, pale kwenye tundu la kiwandani, usifunge juu nyuma ya siti. Ukivutia juu kuliko ekseli, mzigo ukikwama kwenye tuta la theluji pua ya mashine inanyanyuka, na watu wameshapinduka na matrekta makubwa kwa sababu hiyo hiyo.

Injini kwenye baridi ndo sehemu ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu hii injini ilitengenezwa kwa ajili ya Julai. Oili yake ya kiangazi ni SAE 30, kwenye baridi kali inakuwa nzito mpaka starter haizungushi. Mwaga, weka 5W-30 ya sintetiki. Petroli nunua ile isiyo na ethanoli, vituo vingi vya Minnesota vinayo kwa ajili ya boti na injini ndogo, manake ethanoli inanyonya unyevu na maji yakijikusanya chini ya kabureta yanaganda, hapo utapiga starter mpaka betri ife. Betri yenyewe kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri inatoa nusu ya nguvu zake au chini ya hapo, kwa hiyo mimi naifungua nalala nayo ndani ya nyumba, asubuhi naifunga ikiwa na joto, mke wangu ameshazoea kuiona pembeni ya mlango. Usiiache nje ikiwa imeisha chaji, betri iliyoisha inaganda na kupasuka.

Kitu ambacho watu hawakijui mpaka kiwakute ni bomba la kupumulia. Injini inapumua mvuke kutoka ndani, mvuke unapita kwenye kibomba cha mpira unarudi kwenye boksi la filta ya hewa. Kwenye baridi kali ule mvuke unaganda pale mdomoni, bomba linaziba, pressure inajaa ndani ya injini na inatafuta pa kutokea, inasukuma sili oili yote inamwagika kwenye theluji. Nimelivalisha lile bomba sponji ya mabomba ya maji na nimelipitisha karibu na ekzosi lipate joto, bila kugusa. Na naiacha injini ipate moto kamili kabla ya kuzima, kuwasha na kuzima kila dakika tano ndo kunajaza unyevu humo ndani.

Mashine zenye hydro, zile za pedali bila gia, zinafaa pia, ila oili yake ikipoa inakuwa nzito, iache ingurume kama dakika kumi kabla ya kuitwisha mzigo.

Taa ni lazima. Desemba huku jua linazama saa kumi na nusu jioni, na wolai, yule samaki wa jimbo mwenye macho yanayong'aa gizani, anakula sana jua linapozama, kwa hiyo kurudi utarudi usiku tu. Taa moja ya LED mbele, nyekundu nyuma, na vibandiko vya kuakisi mwanga kwenye sleji, dereva wa pikapu akuone kutoka mbali. Injini inachaji betri yake vizuri kwa taa hizo. Sona iwe na betri yake ya lithiamu peke yake, na usiichaji hiyo lithiamu ikiwa bado ina baridi, ikichajiwa chini ya sifuri inaharibika.

Mwendo wake mtupu ni kama kilomita 9 kwa saa, na mzigo nakwenda sita hivi. Kilomita moja na nusu ni robo saa nimekaa, nimefika mkavu, mikono ina nguvu ya kufunga ndoana. Nimeanzia Medicine Lake pale Plymouth kwa sababu ni karibu na nyumbani, nikazoea nikaenda Mille Lacs. Mille Lacs ni ziwa kubwa hasa, kama kilomita za mraba 530, ukisimama katikati ufukwe wa upande wa pili huuoni vizuri, halafu ni la kina kifupi, halifiki hata mita 14. Wenye makambi ya kando ya ziwa wanalima barabara juu ya barafu, unalipia kuingia, na kwa hii mashine hizo barabara ndo kila kitu, kwa sababu tumbo lake liko chini. Theluji ikizidi sentimita 15 inaanza kuogelea, ikifika 25 hakuna kitu. Nje ya barabara zilizolimwa msimu wake mzuri ni mwanzoni, barafu imeshakuwa nene na theluji bado haijajaa.

Kuna na ule uji wa maji na theluji. Theluji nyingi inakandamiza barafu, maji yanapanda kupitia kwenye nyufa yanajificha chini ya theluji, juu unaona peupe pazuri, ukiingia umezama mpaka rimu. Sio kwamba barafu imevunjika, ila ukisimama humo nusu saa cheni zimeganda na ziwa. Ndo maana nabeba vipande viwili vya mbao, kila nikipaki tairi za nyuma zinakaa juu ya mbao, hata pakiwa pakavu. Na penye matuta marefu ya barafu iliyosukumana usivuke hata ukiona alama za tairi za wenzako, lile tuta linafunguka na kufunga kwa upepo, lilivyokuwa asubuhi silo litakavyokuwa jioni. Vaa jaketi la kuelea, ning'iniza shingoni vile vijiti vyenye misumari vya kujivutia ukitumbukia, kamba ya kuokolea iwe juu ya mzigo sio chini yake. Na mashine ikae nje mbali na hema, kwenye moshi wa ekzosi kuna kaboni monoksaidi, hewa ya sumu inayoua na haina harufu, na jiko la gesi nalo hema lazima liwe na dirisha wazi.

Leseni ya kuvua unahitaji kuanzia miaka 16, inanunuliwa mtandaoni dakika chache. Kwenye barafu unaruhusiwa mishipi miwili kwa mtu, kiangazi ni mmoja. Uvuvi wa wolai unafungwa mwishoni mwa Februari, lakini perchi na krapi, samaki wengine wa huku, wanavuliwa mwaka mzima, na mimi perchi mdogo wa kukaanga mzima na ndimu na pilipili simbadilishi na wolai. Mahema na vibanda vya kulala vinatakiwa viondoke kwenye barafu Jumatatu ya kwanza ya Machi huku kusini, kaskazini Jumatatu ya tatu. Mashine naitoa mapema kuliko hapo, Machi jua la mchana linaoza barafu ya kando hata kama katikati bado nene, na kando ndo pa kutokea.

Wengi wananiuliza kwa nini sijaweka ski mbele badala ya tairi. Kwenye theluji ski ni nzuri, ila kwenye barafu tupu ski bila chuma cha kukata chini haigeuki, na mimi muda mwingi nipo kwenye barafu tupu au barabara iliyolimwa, halafu kuipandisha mashine yenye ski kwenye trela peke yako ni kazi nzito. Ninachofikiria sasa ni cheni ndogo za tairi za mbele. Kama kuna mtu ameshafunga kwenye hizi za 15x6 aniambie usukani unakuwa mzito kiasi gani na kama zinagusa mkono wa usukani ukikata mpaka mwisho, maana nimepima nafasi ya pale kwangu ni kidole kimoja tu na sitaki kununua kabla sijajua.